Sheria ya Ukatili Hufika Mnyama Akiwa Ameshaumia

Picha ya punda aliyechubuka mgongo ikisambaa mtandaoni, kilio huwa kile kile: adhabu iongezwe. Wabunge nao hukipenda kilio hicho, maana kuongeza miaka ya kifungo kwenye karatasi hakuhitaji bajeti. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2021, kifungo cha juu kikapanda kutoka miezi 6 hadi miaka 5. Sipingi. Kwa mtu anayemchoma paka moto ili ajifurahishe, miezi 6 ilikuwa mzaha. Ila kesi za namna hiyo ni chache. Kazi ya kila siku ya mkaguzi wa wanyama ni mbwa aliyekonda, kwato zilizopinda, kidonda chenye funza, mnyororo mfupi, maji yaliyoota ukungu. Hapo ukubwa wa adhabu hausaidii sana. Sheria nyingi hazina la kufanya mpaka mnyama awe ameumia kiasi cha kuthibitishwa mahakamani, na akishafika hapo, ushahidi wenyewe mara nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema.

Udhaifu huu ni wa kuzaliwa nao. Sheria ya Uingereza ya 1822, iliyopiganiwa na mbunge Richard Martin, iliwataja farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Fahali akahesabiwa kuwa hamo, mpaka sheria ya 1835 ilipomwingiza pamoja na mbwa. Ufaransa, sheria ya Grammont ya 1850 iliadhibu ukatili uliofanywa hadharani tu. Ukimpiga farasi wako ndani ya zizi, nyuma ya ukuta, hiyo ilikuwa shauri yako. Sharti hilo la hadharani liliondolewa mwaka 1959. Kwa zaidi ya karne moja, basi, kilichokuwa kikilindwa hasa ni macho ya wapita njia.

Urithi mwingine ni maneno "mateso yasiyo ya lazima". Nani aamue lipi la lazima? Kwa kawaida mahakama hutazama desturi ya shughuli yenyewe: kama wafugaji wengi hufanya hivyo, basi ni lazima. Ujerumani inatumia kipimo kinachofanana, kwamba hakuna ruhusa ya kumtia mnyama maumivu au madhara bila sababu ya msingi. Mwaka 2019 mahakama yake kuu ya masuala ya utawala ilisema kwamba faida ya kiuchumi pekee si sababu ya msingi ya kuua vifaranga wa kiume wa kuku wa mayai, ingawa iliruhusu zoezi liendelee kwa muda. Marufuku kamili ilianza Januari 2022, na iliwekwa na bunge. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi neno moja legevu linavyoweza kubeba mamilioni ya vifaranga kwa miongo mingi kabla mtu hajalipima.

Dawa yake ipo na imeshajaribiwa: wajibu wa matunzo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 ya England na Wales inabaki na kosa la mateso katika kifungu cha 4, na hata hapo haidai nia ovu. Inatosha kwamba mhusika alijua, au alipaswa kujua, kwamba mnyama angeteseka. Kifungu cha 9 ndicho kilicholeta mabadiliko. Kinamtaka mwenye mnyama achukue hatua za busara kukidhi mahitaji matano: makazi yanayofaa, chakula kinachofaa, nafasi ya kuonyesha tabia zake za asili, kukaa na wenzake au kutengwa nao kulingana na aina yake, na kinga dhidi ya maumivu, majeraha na magonjwa. Mbwa aliyefungwa juani bila maji saa tano asubuhi bado hajaumia kwa namna ambayo daktari ataipima, lakini kosa limeshatimia. Mkaguzi hana haja ya kusubiri saa tisa.

Chombo cha kazi hapa ni notisi ya marekebisho, iliyomo katika kifungu cha 10. Inaeleza kilichopungua, hatua zinazotakiwa na muda wa kuzitimiza, na kabla muda huo haujaisha mtu hashtakiwi kwa kukiuka wajibu huo. Notisi ikiandikwa ovyo, imekufa. "Boresha makazi ya mbwa" haimwambii mtu kitu, na hakimu hawezi kuipima. Iandikwe hivi: maji safi muda wote kuanzia leo, katika chombo kisichopinduka, daktari amwone mnyama ndani ya saa 48, kivuli na sehemu kavu ya kulala ndani ya siku 7. Tarehe ikifika mkaguzi arudi siku hiyo hiyo, apige picha upya kutoka pembe zile zile. Na muda uwe wa akili. Kwato zilizoachwa miaka hazinyooshwi kwa siku moja. Zikikatwa zote kwa mkupuo, mishipa na viungo vilivyozoea mkao mbovu huvutwa ghafla na punda huchechemea zaidi. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa awamu zinazopishana wiki kadhaa. Mkaguzi anayeamuru "kwato zirekebishwe ndani ya siku tatu" anaagiza jeraha jipya.

Notisi ikipuuzwa, au hali ikiwa mbaya mno, tunaingia mahakamani, na hapa ndipo kesi nyingi huvuja. Chukua mbwa aliyekondeana. Utetezi utasema ni minyoo, ni uzee, ni ugonjwa, "anakula lakini hanenepi". Picha ya mbavu haijibu hoja hiyo. Kinachojibu ni mambo manne. La kwanza ni uzito wa siku ya kuchukuliwa, kwa mizani. La pili ni alama ya hali ya mwili. Mbwa hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ni hali nzuri, na 1 ni yule ambaye mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga vinaonekana kwa mbali, hana mafuta yanayoshikika, na misuli imekwisha. Alama hutolewa kwa mkono kupapasa, si kwa jicho peke yake, kwa sababu manyoya marefu huficha mengi. La tatu ni uchunguzi wa damu, kinyesi na meno, ili magonjwa yanayokondesha yaondolewe mezani. La nne, lenye nguvu kuliko yote na linalosahauliwa kuliko yote, ni rekodi ya uzito kila wiki wakati mnyama analishwa chakula cha kawaida. Akinenepa bila dawa yoyote zaidi ya chakula, hoja ya ugonjwa inabaki bila miguu.

Angalizo: jaribio la kubana ngozi ili kupima upungufu wa maji halifai kutegemewa kwa mnyama aliyekonda au mzee. Ngozi yake imeshapoteza mnyumbuko, itachelewa kurudi hata kama amekunywa. Wakili anayejua kazi yake atalibomoa kwa swali moja.

Eneo la tukio lina mengi ya kusema, mradi lisiguswe mapema. Mtu wa kwanza kufika, akisukumwa na huruma, hujaza bakuli maji kisha ndipo apige picha. Picha hiyo sasa inamtetea mmiliki. Piga kwanza, inachukua sekunde chache, kisha mpe maji. Mnyama apigwe picha pande zote nne na kutoka juu, na kila kidonda kipigwe na rula kando yake. Pima urefu wa mnyororo na uupime uzito. Kusanya kinyesi: kikiwa na vitambaa, udongo au mawe, kinaeleza njaa kuliko maneno ya jirani. Picha halisi zibaki kwenye simu au kamera iliyozipiga na nakala ihifadhiwe pembeni. Zikitumwa kama picha za kawaida kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa za tarehe na mahali. Ukanda uliozama kwenye nyama ya shingo ukatwe mbali na bizimu, ili tundu lililotumika libaki lilipokuwa, kisha mzingo wake ulinganishwe na mzingo wa shingo. Tofauti ya sentimita chache inaonyesha kwamba mnyama alikua na ukanda haukulegezwa.

Funza nao ni kalenda. Mayai ya nzi huanguliwa ndani ya takriban siku moja kukiwa na joto, kwa hiyo funza wakubwa kidondani wana maana kwamba kidonda kiliachwa kwa siku kadhaa. Wachukuliwe wale wakubwa zaidi: wengine wawekwe hai, wengine wauawe kwa maji ya moto na kuhifadhiwa kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Joto la mahali liandikwe, maana bila hilo umri wao haukadiriwi.

Mnyama akiwa ameshakufa, mzoga uwekwe kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi, usigandishwe. Barafu hupasua chembe za mwili na mtaalamu wa hadubini hataona kitu. Katika njaa ya muda mrefu mwili humaliza kwanza mafuta ya chini ya ngozi na ya tumboni, na mwisho kabisa ya uboho. Ndiyo maana mfupa wa paja hufunguliwa: uboho wa aliyekufa kwa njaa hugeuka mwekundu, laini, kama ute mzito, lakini uboho wa mnyama mzima aliyeshiba una mafuta mengi.

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa baada ya uokoaji. Mnyama aliyekaa na njaa wiki nyingi akipewa sinia la chakula anaweza kufa, na hafi kwa njaa bali kwa chakula hicho. Wanga ukiingia ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosforasi, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya chembe. Moyo na misuli ya kupumua hulegea. Hesabu ya kuanzia ni nishati ya kupumzika, yaani ile ambayo mwili hutumia kwa siku ukiwa umetulia: kwa mbwa wa kilo 2 hadi 45, zidisha uzito wake kwa 30, ongeza 70. Mbwa mwenye kilo 10 anapata kilokalori 370. Siku ya kwanza apewe robo yake, kama 90, zikigawanywa katika milo midogo 4 hadi 6, kisha nusu, robo tatu, na kiwango kizima baada ya siku 3 hadi 5. Uzito unaotumika ni alio nao sasa, si ule aliopaswa kuwa nao. Vitamini B1 hutolewa mapema, na damu hupimwa kila siku pale inapowezekana. Anayeokoa wanyama bila kujua hili anaweza kuzika ushahidi wake kwa mikono yake mwenyewe, na kumpa mtuhumiwa nafasi ya kusema: alikuwa hai nilipomwacha.

Kisha kuna aibu ya kielelezo hai. Mbwa anayesubiri hukumu anakaa kwenye kizimba miezi, wakati mwingine miaka, kwa sababu kesi inaahirishwa na yeye ni mali ya mshtakiwa. Vituo vya uokoaji hufilisika kwa njia hii, na polisi huanza kukwepa kukamata. Picha, vipimo na ripoti ya daktari vinatosha kumwakilisha mahakamani. England na Wales, kifungu cha 20 kinaruhusu mahakama kuamuru mnyama apewe mtu mwingine, auzwe au atibiwe kabla ya hukumu. Majimbo mengi ya Marekani yanamtaka mmiliki aweke dhamana ya gharama za matunzo, au apoteze haki ya umiliki. Kwangu mimi, sheria isiyokuwa na kipengele cha aina hii ni ya mapambo.

Kuhusu adhabu, faini kwa mtu aliyejaza paka 60 ndani ya nyumba ni kuchukua pesa ambazo zingewalisha. Watu wa aina hii mara nyingi wana tatizo la afya ya akili, na wakiachwa bila kufuatiliwa hurudia. Kinachofanya kazi ni kupunguza idadi, kuhasi waliobaki, na ziara za ghafla zenye nguvu ya amri ya mahakama. Amri ya kuzuiwa kufuga nayo iandikwe kwa upana: kumiliki, kutunza, kushiriki kutunza, kusafirisha, na kuwa na kauli juu ya namna mnyama anavyotunzwa. Ikisema "kumiliki" tu, kesho yake mbwa wote watakuwa wa shemeji.

Anayetaka kujua sheria ya nchi yake ina meno kiasi gani asianzie kwenye kifungu cha adhabu. Aanze na tafsiri ya neno "mnyama", kwa sababu wengi hutolewa hapo kimya kimya. Sheria ya Marekani ya uchinjaji usio wa kikatili, ya mwaka 1958, haiwagusi kuku. Ile ya Ustawi wa Wanyama ya 1966, baada ya marekebisho ya 2002, inawaacha nje panya na ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti. Kisha atafute kama kuna wajibu wa matunzo au kosa la mateso tu. Kama jina la sheria ni "ustawi", kama ile ya Tanzania ya 2008, au "kuzuia ukatili", kama Sura ya 360 ya Kenya, hilo peke yake lisimridhishe. Baada ya hapo aangalie nani ana mamlaka ya kuingia kwenye eneo la mtu na kumchukua mnyama anayeteseka, na kama anahitaji hati ya mahakama hata mnyama akiwa anakata roho. Mwisho atafute ni fungu gani la bajeti linalomlipa huyo mkaguzi mafuta ya gari.