Huku wana kamera kila mti wanamsaka Bigfoot, kwetu Rungwe kipunji alikuwepo ila hakuna aliyeuliza

Mwaka wa tisa huu niko jimbo la Washington, na ghalani napofanya kazi kuna mzee mmoja wa Kimarekani wikendi zake zote zinaishia msituni kumtafuta Bigfoot, lile jitu la manyoya linalotembea kwa miguu miwili. Siku moja tukiwa lanchi akafungua taulo akanionyesha unyayo wa plasta, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, kwenye kisigino bado kuna majani ya msonobari yameganda. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu anayepokezwa kichanga. Toka siku hiyo nikaanza kumsikiliza.

Na msidhani ni yeye tu. Kaunti ya Skamania huku huku Washington ilipitisha sheria 1969 kwamba ukimuua huyo mnyama ni jela au faini mpaka dola 10,000. Watu wana filamu yao ya Patterson na Gimlin, wanaume wawili waliosema wamempiga picha Bigfoot, ilichukuliwa Bluff Creek, California, tarehe 20 Oktoba 1967, haifiki hata dakika moja, na mpaka leo wanabishana kila hatua ya yule anayetembea kama ni mnyama au mtu kavaa ngozi.

Sasa mi ni mtoto wa Tukuyu, Rungwe, mkoani Mbeya, ndo maana hili jambo linanigusa. Kwetu wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja kipunji, nyani si nyani, tumbili si tumbili, mkia mrefu, nywele za kichwani zimesimama, mlio wake kama honi imechanganyika na mbweko. Babu yangu akitaja wanyama wanaomalizia mahindi shambani kipunji alikuwemo, ila shuleni sikuwahi kumsikia hata siku moja. Watafiti walipokuja kufuatilia hizo habari 2003 mwanzoni hawakujua kama ni mnyama kweli au ni wa kwenye hadithi, maana wazee kwetu wanasimulia vyote pamoja, wa msituni na wa mizimu. Wakaingia wenyewe mlima Rungwe wakamwona. 2005 mkulima akamnasa mmoja kwenye mtego wa shamba la mahindi, akafa, na ule mzoga ndo uliomaliza ubishi: vipimo vya DNA vikaonyesha ni ndugu wa karibu wa nyani, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923!

Nilipomsimulia mzee wangu alifurahi mno, akasema unaona, hata huyo hawakumwamini. Nikamwambia hapana mzee, hapo tunaachana. Kipunji toka watafiti wamsikie mpaka mwili upatikane ni miaka miwili mitatu tu, na ni mnyama wa kwenye milima ya matope na mianzi, wako wachache sana, hesabu ya 2008 ilikuwa kama 1,100 hivi. Bigfoot ni jitu zima, yuko kwenye nchi ya barabara na malori kila kona, dubu wanagongwa na magari kila mwaka, yeye hata mfupa? Zile nyayo za Bluff Creek za 1958 zilizoleta jina Bigfoot, Ray Wallace, mkandarasi wa barabara wa pale, alipofariki 2002 familia yake ikatoa miguu ya mbao wakasema ndo iliyotumika. Nywele nazo zimepimwa. FBI walipima walizoletewa miaka ya 70 wakakuta ni za mnyama wa jamii ya kulungu. 2014 wataalamu wakapima nyingine kutoka sehemu nyingi, zile za Marekani zikatoka dubu, ng'ombe, farasi, nungunungu, hata mtu.

Na usiniambie kamera hazitoshi. 2020 kwenye mlima Rainier kamera za msituni zilimpiga picha wolverine na watoto wake wawili, mnyama wa jamii ya nyegere ambaye alikuwa hajaonekana na watoto pale zaidi ya miaka 100. Kama huyo amepatikana na Bigfoot hajapatikana, kwangu mimi hayupo, na nilimwambia hivyo hivyo, kwa heshima.

Ila kuna kitu nawaonea wivu hawa watu, kwa kweli. Mtu huku akisema nimeona kitu msituni kuna anayemsikiliza, anachora ramani, anaandika tarehe na saa, anatunza kila unywele kwenye bahasha. Kwetu mwindaji akitaja mnyama tunasema imani za kizamani, mpaka aje mgeni na daftari. Inaniuma sana hii. Kipunji alikuwa anauawa kwenye mahindi miaka yote na sisi wasomi wa Tukuyu hatukumuuliza hata babu zetu.

Nimempigia baba mdogo wiki iliyopita, nikamwomba akae na wazee anitajie kila mnyama wa msitu wa Rungwe wanaomjua kwa jina, mlio na chakula chake, arekodi kwa simu. Tayari ameshatuma sauti nne, ya tatu mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia maneno, nimemwambia arudie. Na Jumamosi naenda na yule mzee wa Bigfoot kwenye msitu wa Gifford Pinchot, huku huku Washington. Safari hii nimemwomba tuache fimbo anayogongea miti kumwita Bigfoot, tubebe chupa safi, tuchukue maji ya kijito, maana mnyama akinywa au akivuka anaacha DNA yake mle na siku hizi inapimika. Amekubali, ameshanunua chupa ishirini.