Grafu Ikikataa, Anza na Namba

Mwanafunzi akiona grafu ya ajabu kwenye skrini, ushauri anaopewa kwanza ni ule ule: futa programu, ipakue upya, zima kompyuta uwashe. Nimekaa na wanafunzi wengi kwenye vyumba vya kompyuta, na ushauri huo unanikera, maana mara nyingi sana programu haina kosa lolote. Imechora kile kile ilichopewa.

Kompyuta haijui mstari uliopinda. Inapokea orodha ya thamani za x, inakokotoa y kwa kila moja, halafu inaunganisha nukta jirani kwa vipande vya mistari iliyonyooka. Ni lile lile jedwali la thamani tulilojaza shuleni kwa penseli, ila sasa limefichwa, na kwa kuwa limefichwa hakuna anayelikagua.

Chukua Python, lugha ya kuandikia programu. Amri ya linspace ya NumPy, maktaba yake ya hesabu, usipoitajia idadi, hutoa nukta 50. Mwambie mwanafunzi achore sin(50x) kuanzia 0 hadi 2π. Anatarajia mawimbi 50 yaliyobanana. Anapata wimbi moja tu, laini, limetulia, na anaweza kulibandika kwenye ripoti bila wasiwasi. Sasa hesabu naye: nukta 50 zina nafasi 49 kati yake, kwa hiyo kila hatua ni 2π/49. Zidisha hatua hiyo kwa 50, unapata mzunguko mmoja kamili na 2π/49 juu yake. Mzunguko kamili haubadilishi sine, basi kila nukta ya sin(50x) inaangukia pale pale ilipo nukta ya sin(x). Ukijaribu sin(49x), nukta zote zilipaswa kuwa sifuri. Utaona mistari inapanda na kushuka ovyo, lakini soma mhimili wa y: ni namba za kiwango cha 10⁻¹⁴, yaani mabaki ya ukadiriaji wa desimali. Weka nukta 2,000 na mawimbi yote yanajitokeza.

Ndiyo maana nasema grafu ya kuogopa ni ile nzuri. Iliyovurugika inakushtua, unaitafutia sababu. Iliyonyooka inapita.

Grafu ya tan(x) ni mfano mwingine. Kwenye π/2 programu nyingi huchora mstari wima unaotoka juu hadi chini, na nimeona watu wakiueleza kama asimptoti, yaani mstari ambao grafu inausogelea bila kuufikia. Sivyo. Ni nukta ya juu kabisa ya upande wa kushoto iliyounganishwa na ya chini kabisa ya upande wa kulia, mahali ambapo hakuna thamani yoyote. Katika Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, pale ambapo ukubwa wa y unazidi, tuseme, 10, weka NaN (alama ya “si namba”); mstari utakatika wenyewe. Usipofanya hivyo, thamani moja kubwa inaweza kubana grafu nzima iliyobaki hadi ionekane bapa.

Kipeuo cha tatu ndicho kinachotesa zaidi. Katika gnuplot, programu ya kuchora grafu iliyopo tangu 1986, andika x**(1/3) upate mstari mlalo kwenye y = 1. Sababu ni kwamba 1 na 3 zimesomwa kama namba kamili, na 1 kugawanya kwa 3 kwa namba kamili ni 0. Chochote kwa kipeo cha 0 ni 1. Ukirekebisha kuwa x**(1.0/3), nusu ya kushoto inatoweka. Hapo tena programu iko sahihi kwa kanuni zake: muulize Octave, programu nyingine ya hesabu, (-8)^(1/3) naye atakujibu 1 + 1.7321i, si -2, kwa sababu anachagua jibu la namba changamani, yaani lenye i, kipeuo cha pili cha -1. Ukitaka -2, tumia nthroot katika Octave au cbrt katika NumPy.

Mengine ni mepesi. Ukiandika x^2 badala ya x.^2 kwenye Octave wakati x ni orodha ya namba, yenyewe inakuambia uweke nukta. Sine iliyopewa digrii wakati inasubiri radiani utaigundua kwa kukagua thamani ya 90 peke yake. Duara likionekana kama yai, mihimili haina kipimo kimoja; katika Octave andika axis equal. Dirisha lisipofunguka kabisa, huenda umesahau plt.show() ya Matplotlib.

Kuna wanaosema kuchora grafu kwa mkono, kama wanavyofanya bado watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, kumepitwa na wakati. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyejaza jedwali, akachagua kipimo, akasita kabla ya kuunganisha nukta mbili zilizo mbali, anajua pa kutazama kompyuta inapomletea picha asiyoielewa. Hata GeoGebra, programu ya kufundishia hisabati, ina jedwali lake la thamani ndani; walimu wengi hawalifungui kabisa darasani, na wangepaswa.

Kwa hiyo ukiniomba msaada, usinitumie picha ya skrini uliyopiga kwa simu. Nitumie msimbo wenyewe kama maandishi, pamoja na thamani tano za x na y zake, zikiwemo zile za mahali grafu inapoanza kuharibika.