Mawenzi iko upande gani?

Ukipita kwenye maduka ya vinyago na ofisi za kampuni za utalii hapa Moshi, hutakosa kuiona picha ya tembo wakitembea nyikani, na nyuma yao Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwenyeji akiikazia macho atagundua jambo. Sisi tunaoutazama mlima kutoka kusini tunakiona kilele cha Kibo kushoto na kilele cha Mawenzi kulia, lakini katika picha nyingi za aina hiyo Mawenzi iko kushoto, kwa kuwa mpiga picha alisimama kaskazini, aghalabu Amboseli, nchini Kenya. Picha si ya uongo, ila mtazamaji anaachwa adhani kwamba hivyo ndivyo mlima unavyoonekana kutoka kila upande.

Kwa maoni yangu, somo la Kiingereza katika shule zetu za sekondari lingeanzia hapo. Mwalimu abandike picha ubaoni na kuuliza ni nani aliyeipiga, alisimama wapi, alitaka anayeitazama afanye nini, na ni nani aliyeachwa nje. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye mwaka uliopita huenda alikuwa akisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, huingia katika kipindi cha Kiingereza akijiona mdogo mbele ya kila aya anayopewa. Maandishi ya utalii kuhusu mlima huu yameandikwa kwa wingi kwa Kiingereza, lakini yanahusu mahali anapopajua kuliko walioyaandika, na walau mara hii yeye ndiye mwenye haki ya kuyasahihisha.

Chukua tangazo linaloisifia miteremko ya Kilimanjaro kama pori ambalo halijaguswa na binadamu. Mtoto wa Marangu, Machame au Kibosho anajua kwamba chini ya msitu kuna vihamba, yaani mashamba ya familia za Wachagga, migomba na kahawa, pamoja na mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu zake. Anajua pia kwamba hakuna mtalii anayefika kileleni bila wapagazi, ambao huenda mmojawao ni kaka yake, na ambao katika matangazo mara nyingi huonekana kwa mbali, wamegeuza migongo. Basi aliandike upya tangazo hilo kwa sauti ya mpagazi, au ya bibi anayewaona wageni wakipita kando ya kihamba chake. Atatafuta maneno ya Kiingereza kwa sababu ana jambo la kusema, na hapo hata wakati uliopita wa vitenzi, ule unaowatesa wengi, unapata kazi ya kufanya.

Habari nazo zina nafasi yake. Moto uliowaka mlimani Oktoba 2020 ungetosha kwa vipindi kadhaa: wanafunzi walinganishe taarifa ya gazeti la hapa nchini, ya shirika la habari la nje, na aina ya jumbe zinazosambazwa WhatsApp bila tarehe wala jina la mwandishi. Tusisahau kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma, kwa hiyo kijana anayejifunza kuuliza habari imetoka wapi anajikinga pia.

Najua majibu ya walimu wenzangu: simu haziruhusiwi shuleni, madarasa yamefurika, Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi. Simu haihitajiki, kwani picha moja na gazeti kuukuu vinatosha. Kuhusu lugha, mjadala uendeshwe kwa Kiswahili na maandishi yawe ya Kiingereza, hata kama jambo hili litawaudhi wanaoamini kwamba neno moja la Kiswahili huharibu kipindi kizima.

Kikwazo kikubwa ni mtihani. Tumewazoesha wanafunzi kukariri barua ya kuomba kazi, wakabadilisha jina na anwani tu, na barua hiyo ikapata alama nzuri kwa sababu haina kosa. Mwanafunzi aliyethubutu kuandika kama mpagazi atakosea vitenzi, na kalamu nyekundu itamwadhibu. Ningependa kazi kama hiyo ipewe alama mbili tofauti, moja ya sarufi na nyingine ya alichokiona na kukisema, na wakuu wa idara za lugha wanaweza kuanza utaratibu huo katika majaribio ya kila mwezi bila kusubiri waraka kutoka wizarani.