Ushuru, bei na ajira Marekani: mzigo unamwangukia nani?

Rais Donald Trump alipotangaza Aprili 2, 2025 ushuru mpya kwa bidhaa kutoka karibu kila nchi, wakosoaji walisema bei zitaruka na mlaji wa Marekani ndiye atakayelipa. Baadaye mwaka huo watetezi wake waliuliza: mbona hazijaruka? Kweli, hazikuruka. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.0 Januari mwaka huo, ukashuka hadi 2.3 Aprili, ukarudi 3.0 Septemba. Juni 2022 ulifika 9.1. Kwa tarakimu hizo, watetezi wanashinda. Tatizo ni kwamba wanahesabu bei bila kuhesabu mshahara, na maisha ya kaya yako katikati ya hivyo viwili.

Tuanze na forodha, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Anayelipa ushuru ni kampuni ya Marekani iliyoagiza mzigo, si kiwanda cha nje. Tena hautozwi kwa bei ya dukani, bali kwa thamani ya bidhaa inapoingia nchini. Chukua bidhaa iliyoingia kwa dola 40 na kuuzwa dola 100. Ushuru wa asilimia 20 ni dola 8. Muuzaji akipitisha hizo 8 tu, bei inapanda asilimia 8. Kiwanda kikipunguza bei kidogo na mwagizaji akakubali faida ndogo, mnunuzi anaweza kuongezewa dola 3 au 4. Lakini wako wauzaji wenye desturi ya kuzidisha gharama kwa mbili na nusu. Kwao dola 8 zinageuka 20. Kinachoamua ni ushindani: pale mteja anapoweza kuhamia bidhaa nyingine, muuzaji anajikaza. Ongeza kwamba waagizaji wengi walijaza maghala kabla ya ushuru kuanza, utaelewa kwa nini bei zilipanda polepole.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa mashine za kufulia nguo. Mwaka 2018 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza kuingizwa kila mwaka, na asilimia 50 kwa zilizozidi. Wachumi wa Benki Kuu ya Marekani na Chuo Kikuu cha Chicago walikuta bei imepanda takriban asilimia 12. Cha kushangaza, mashine za kukaushia nazo zilipanda karibu kiasi hicho hicho, ingawa hazikuguswa na ushuru. Sababu ni kwamba huuzwa kwa jozi, kwa hiyo wauzaji waligawa ongezeko pande zote mbili. Na watengenezaji wa ndani, ambao hawakuwa wakilipa ushuru wowote kwa mashine zao, walipandisha pia kwa sababu mshindani wao alikuwa amepandisha.

Ajira zilikuja, tusiwanyime watetezi haki yao. Samsung ilifungua kiwanda South Carolina, LG ikafungua Tennessee. Wachumi hao walikadiria ajira mpya 1,800, na gharama kwa walaji ya dola bilioni 1.5 kwa mwaka, yaani zaidi ya dola 800,000 kwa kila ajira. Mtetezi atasema mji wenye kiwanda haupimwi kwa hesabu hiyo peke yake, na hoja yake ina uzito: miji mingi iliyopoteza viwanda kwa ushindani wa China baada ya mwaka 2000 haijapona hadi leo. Ila hoja hiyo haifai kwa kahawa. Marekani inalima chini ya asilimia 1 ya kahawa inayoinywa, hakuna kiwanda cha kulinda. Novemba 2025 serikali yenyewe iliondoa kahawa, ndizi na nyama ya ng'ombe kwenye sehemu ya ushuru uliotangazwa Aprili.

Sasa ajira. Mwaka 2022 bei zilipanda sana, lakini mfanyakazi alikuwa na mlango wa kutokea: karibu watu milioni 4.5 waliacha kazi kwa hiari katika mwezi mmoja, wengi wakienda kwenye mshahara mzuri zaidi. Mwaka 2025 mlango huo ulibanwa. Ripoti ya Agosti 1 ilionyesha ajira mpya 73,000 kwa Julai, na makadirio ya Mei na Juni yakapunguzwa kwa 258,000. Siku hiyo hiyo Trump akamfukuza mkuu wa Idara ya Takwimu za Kazi, iliyotoa ripoti hiyo, kana kwamba kipimajoto ndicho kinacholeta homa. Masahihisho ni kawaida, kwa sababu waajiri wengi huchelewa kurudisha majibu.

Ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 4.3 Agosti, si mbaya. Sehemu ya maelezo ni kwamba wahamiaji walipungua, hivyo wanaotafuta kazi nao wakawa wachache. Lakini waajiri wasiofukuza na pia wasioajiri wanamweka mfanyakazi mahali pabaya: kazi anayo, nguvu ya kudai nyongeza hana. Kaya inayotumia dola 4,000 kwa mwezi, bei zikipanda asilimia 3, itahitaji 4,120 kwa mahitaji yale yale, yaani dola 1,440 zaidi kwa mwaka. Mshahara ukipanda asilimia 3 baada ya kodi, hakuna kilichopotea. Usipopanda, pengo lote ni lake. Kaya maskini inaumia zaidi, kwa kuwa karibu kipato chake chote kinaishia kwenye matumizi.

Benki Kuu nayo ilibanwa: kupambana na bei kunadai riba ya juu, kuokoa ajira kunadai riba ya chini. Septemba 17, 2025 ilichagua ajira na kupunguza riba kwa robo asilimia. Kwa wajenzi na makampuni makubwa hilo lina maana. Mwenye deni la dola 5,000 kwenye kadi ya mkopo, inayotoza zaidi ya asilimia 20, akipewa punguzo lote anaokoa dola 12.50 kwa mwaka.