Hoteli au ofisi: mhandisi mchanga aanzie wapi hapa Unguja?

Mtoto wa dada yangu kamaliza shahada ya uhandisi wa mitambo, na wiki hii ana barua mbili mkononi. Moja ya hoteli huko Paje: msaidizi wa fundi mkuu, basi la wafanyakazi, chakula akiwa zamu, na mshahara unaozidi mara mbili wa ile nyengine. Ya pili ni ya ofisi ndogo ya wahandisi washauri hapa mjini, ambako atapewa kiti, kompyuta na posho isiyozidi nauli. Mama yake hataki hata kuisikia hiyo ya pili. "Kasoma miaka yote ile aje alipwe daladala?" Wakanipigia mimi niamue, kwa kuwa nimepita kote kuwili.

Mimi nilianzia hotelini. Rafiki yangu mmoja, mshauri wa majengo, hupenda kusema hoteli ni kaburi la mhandisi. Anasema hivyo kwa sababu hajapata kushika zamu ya usiku pwani ya mashariki. Hoteli kwetu ni mji mdogo: ina visima vyake, jenereta zake, mtambo wa maji taka, bwawa, vyumba vya baridi vya samaki, mashine za dobi, na viyoyozi ambavyo hewa ya chumvi inavitafuna mapezi mpaka yanabaki unga. Dar kila kimoja kina kampuni ya kuja kukitengeneza siku hiyohiyo. Huku spea iko ng'ambo, na mgeni kajipaka sabuni anataka maji sasa hivi.

Chukua maji peke yake. Upande wa mashariki ardhi ni mawe ya matumbawe, na maji ya mvua yaliyozama humo yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni ya vitabuni inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 nyengine chini yake. Kinachouma ni kinyume chake: vuta kisima kwa pupa, ushushe maji nusu mita tu, na chumvi inakupandia kama mita 20 kutoka chini. Nilikuwa nimeijibu kanuni hiyo kwenye mtihani na nikapata. Kuielewa nilielewa Januari moja, hoteli imejaa, pampu haipumziki, mpishi akaniletea kikombe cha chai. Hakusema kitu, alinyoosha mkono tu nionje.

Baadaye tukaletewa mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Pampu yake inasukuma maji kwa shinikizo la baa 60 hivi (kama mara 60 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida) yapenye kwenye utando uliozungushwa kama mkeka, ndani ya bomba refu. Kila kipande cha utando kina urefu wa mita 1, na kukibadilisha lazima kitolewe kwa ncha ya bomba. Chumba kilichorwa na washauri wa mjini, mchoro safi kabisa, ila ncha ya bomba ilikuwa sentimita 40 kutoka ukutani. Tulivunja ukuta. Aliyechora hakuwa mjinga. Hajawahi tu kuchomoa utando kwa mikono yake.

Halafu kuna lile giza. Umeme wa Unguja wote ulikuwa ukipita kwenye waya mmoja chini ya bahari, uliolazwa mwaka 1980, na Desemba 2009 njia hiyo ikakatika. Kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Kwa wafanyabiashara ilikuwa msiba. Kwangu, niliyekuwa nalala chumba cha jenereta, ndiyo miezi niliyoijua dizeli kuliko miaka yote ya chuo: kwa nini mashine inayobeba mzigo mdogo mno inajaa masizi, kwa nini jenereta mbili zikiunganishwa vibaya moja inaiburuta mwenzake. Waya mpya wa megawati 100 ulipokuja 2013, nilikuwa naweza kuisikiliza injini kutoka kantini nikajua ipi inaumwa.

Basi kwa kujifunza, hoteli sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa karatasi, na hapo ndipo yule rafiki yangu ana haki zaidi ya ninavyopenda kumkubalia.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi kule bara inamtambua kwanza mhandisi mhitimu, kisha mhandisi mtaalamu. Kati ya hatua hizo mbili kuna miaka mitatu ya kazi chini ya mtu aliyekwisha sajiliwa, anayekufuata, anayesoma daftari lako la kazi na kulitia saini. Hapa Zanzibar tuna bodi yetu wenyewe, inayowaweka pamoja wasanifu majengo, wahandisi na wakadiriaji majenzi. Mimi baada ya miaka minne hotelini nikaenda na faili langu. Mkubwa wangu alikuwa fundi hodari sijaona mfano wake, mtu wa nje, kazeeka na mashine, lakini hakuwa na usajili wa nchi hii. Saini yake ilikuwa sawa na ya mpishi. Miaka minne ikahesabiwa sifuri. Nikaanza upya nikiwa na miaka thelathini, kwa posho ileile ya nauli, nikikaa meza moja na vijana walioingia chuo mimi nikitoka.

Hotelini hutaliona pengo hilo. Kila mtu anakuita injinia, kuanzia mlinzi wa getini mpaka meneja. Utaliona siku unayotaka kutia saini mchoro, au kusimamia mradi, au hoteli inapofunga. Mwaka 2020 ndege za wageni zilipokatika, wahudumu walirudishwa majumbani, na sisi wa mitambo tukaambiwa tunabaki kwa kuwa utando ukikaa bila maji kupita unaoza. Tulibaki kweli, kwa nusu mshahara (mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mkataba). Wenye usajili waliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye miradi ya ujenzi. Wasio nao waliendelea kusukuma maji kwenye hoteli tupu.

Kitu kingine ambacho ofisi inacho ni mtu wa kukukosoa hesabu. Hotelini maji yakirudi, hakuna anayeuliza umefanyaje. Ofisini niliwahi kurudishiwa hesabu ya bomba mara tatu kwa kalamu nyekundu, na mara ya tatu kosa lilikuwa dogo hata nikaona aibu kulikasirikia. Lakini zipo ofisi zinazomgeuza mhitimu kuwa mnyoosha mistari: miaka miwili anachora vyoo vya watu, saiti anapelekwa siku ya picha. Daftari linasainiwa, halina kitu. Na posho ya nauli haimwekei mtu chakula mezani. Ninawajua wahitimu wazuri walioanza hivyo wakaishia kuuza simu Darajani, si kwa uvivu.

Wapo pia wanaotaka kuhama fani moja kwa moja. Tangu chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha India kifungue kampasi yake Bweleo mwaka 2023, na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba, kila fundi umeme aliyechoka kupanda nguzo ananiuliza kama ahame. Kijana wa miaka 24, ahame akipenda. Aliyefika 38 na watoto wako skuli, mimi namwambia asiiache mitambo, aongeze programu juu yake. Anayejua kufungua paneli na pia kuzisoma takwimu za jenereta hoteli zinamgombania.

Kwa mpwa wangu nimeegemea hoteli, na sijifichi kwamba pesa imo kwenye hesabu: dada yangu analea peke yake, na wadogo wawili bado wanasoma. Ila nimemwekea sharti. Awe na mhandisi aliyesajiliwa juu yake, au hoteli ikubali mmoja asiye mwajiriwa wake awe anakuja kila mwezi kuona kazi na kusoma daftari, na bodi iulizwe kabla kama inampokea msimamizi wa namna hiyo. Lisipopatikana hilo, aende mjini akale nauli miaka mitatu, kisha Paje itamfuata yenyewe.

Jumanne akawapigia hoteli. Yule wa ajira alimjibu yote vizuri: likizo, bima, sare. Alipoulizwa ni mhandisi gani atakayemsimamia, akanyamaza kidogo, akasema atauliza. Leo Alhamisi hajarudi. Ofisi ya mjini inataka jibu Jumatatu asubuhi, na dada yangu kashanunua viatu vya kazi, vile vya chuma mbele, namba 43.