Kituo Kikuu Si Mtandao Wote

Tarehe 11 Septemba 2001, mnara wa kaskazini wa World Trade Center ulipoporomoka jijini New York, antena iliyokuwa juu yake nayo iliporomoka. Kupitia hapo ndipo WNBC, WABC na WNYW, vituo vikuu vya mitandao ya televisheni ya NBC, ABC na Fox, vilikuwa vikirushia matangazo yao. Mafundi sita wa mitambo ya televisheni waliokuwa kazini ndani ya mnara huo walifariki. Kati ya vituo vikuu vya mitandao mikubwa, WCBS, ya mtandao wa CBS, peke yake ndiyo iliyoendelea kunaswa na antena za majumbani, kwa kuwa ilikuwa imebakiza mtambo wa akiba kwenye jengo la Empire State.

Lakini Chicago na Dallas picha hazikukatika. NBC, ABC na Fox ziliendelea kutangaza nchi nzima siku ile ile, huku vituo vyao vikuu vikihangaika kutafuta mahali pa kufunga mitambo mipya.

Tukio hilo linatosha kumfanya mtu asite kabla ya kusema kwamba kituo kikuu ndicho roho ya mtandao na kwamba vituo vya mikoani ni minara ya kurudufu tu. Hata hivyo, wanaoviona vituo vikuu kuwa vinyonyaji vya mikoa nao siwaungi mkono. Pande zote mbili zinachanganya vitu viwili ambavyo mara nyingi hukaa chini ya paa moja. Kituo kikuu ni kituo kama vingine: kina leseni yake, masafa yake, na jiji lake la kulihudumia. Mtandao ni mfumo wa kusambaza vipindi kwa setilaiti au nyaya, pamoja na mikataba inayoushikilia. Huko Marekani, sheria inakataza kampuni moja kumiliki vituo vinavyofikia zaidi ya asilimia 39 ya kaya zenye televisheni nchini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kila mtandao ni vituo washirika vinavyomilikiwa na kampuni nyingine.

Anayetaka kuuona uhusiano huo kwa macho aingie chumba cha urushaji cha kituo mshirika jioni, watazamaji wanapokuwa wengi. Kipindi kinatoka makao makuu. Kikifika kwenye nafasi iliyoachiwa eneo, ishara huja pamoja na kipindi, mashine hukata, yanaingia matangazo ya biashara ya eneo hilo, kisha kituo kinarudi kwenye mtandao. Fundi wa zamu akikosea kwa sekunde mbili, mtazamaji anaona skrini nyeusi au kipande cha tangazo lisilomhusu. Dakika hizo chache ni mali ya kituo cha mkoani, na ndizo zinazosaidia kulipa mishahara ya waandishi wake.

Hoja ya gharama inakipa kituo kikuu nguvu, na ni hoja nzito. Haki za kuonyesha michezo mikubwa, tamthilia, waandishi walioko nchi za nje: hakuna kituo cha mji mdogo kinachoweza kuvibeba peke yake. Japani ni mfano mzuri. Mitandao yake mitano ya biashara inaongozwa na vituo vitano vya Tokyo: Nippon TV, TBS, Fuji, TV Asahi na TV Tokyo. Vituo vya mikoani hupokea vipindi vingi kutoka huko, na juu ya hapo hulipwa na Tokyo kwa kuvirusha pamoja na matangazo ya biashara yaliyomo. Bila mpango huo, mikoa mingi isingekuwa na kituo cha biashara chenye chumba cha habari. Anayelaumu Tokyo kwa kuwa na nguvu kupita kiasi inabidi aseme pia nani atalipa.

Upande wa pili wa hoja uko huko huko Japani. Tarehe 11 Machi 2011, picha za moja kwa moja za tsunami ikifunika mashamba ya Natori, mji ulio karibu na Sendai, zilipigwa kutoka helikopta ya NHK iliyokuwa ikitumia uwanja wa ndege wa Sendai. NHK ni shirika la umma, si mtandao wa biashara, lakini funzo ni lile lile. Tokyo ndiyo iliyozifikisha kwa taifa na dunia, na bajeti ya taifa ndiyo iliyogharimia helikopta. Ila kama chombo hicho na mpiga picha wake wangekuwa Tokyo siku hiyo, maji yangekuwa yamekwisha kufika kabla yao. Nguvu ya kati ilikuwa na maana kwa sababu ilikuwa imewekwa pembezoni.

Historia ya biashara hii nayo inaonyesha kwamba kituo kinachobeba jina la mtandao si lazima kiwe ndicho kinachoubeba. Mtandao wa DuMont wa Marekani ulikuwa na kituo kikuu New York, WABD, kilichopewa herufi za jina la mwanzilishi wake, Allen B. DuMont. Nguvu yake halisi, hata hivyo, ilikuwa Pittsburgh, kwenye WDTV. Kwa miaka kadhaa mji huo mkubwa ulikitegemea kituo hicho, kiasi kwamba mitandao mingine iliyotaka kuonekana huko ililazimika kuongea na DuMont. Mwishoni mwa 1954 DuMont ilikubali kuiuzia kampuni ya Westinghouse kituo hicho kwa dola milioni 9.75. Mwaka 1956 mtandao ukafa. Kituo kikuu kikabaki, na leo ndicho WNYW, kituo kikuu cha Fox. Mtandao ulikufa kwa kuuza tawi, kituo chake kikuu kikiwa kizima.

Ufilipino mambo yalikwenda kinyume. Vituo vya mtandao wa ABS-CBN, vya Manila na vya mikoani, vilitangaza chini ya kibali kimoja cha Bunge. Kibali kiliisha tarehe 4 Mei 2020, na kesho yake mamlaka ya mawasiliano ikaamuru matangazo yasimame. Chaneli 2 ya Manila ilizimika, na vituo vya mikoani vikazimika nayo. Julai 10 kamati ya Bunge ilikataa kutoa kibali kipya kwa kura 70 dhidi ya 11, na Agosti taarifa za habari za mikoani zikafungwa. Mwenyeji wa kisiwa cha mbali alipoteza habari za kisiwa chake kwa sababu ya ugomvi wa mji mkuu. Mnara ukianguka, mtambo hufungwa kwingine. Leseni moja ikianguka, hakuna fundi wa kuitengeneza.

Je, inawezekana kuishi bila kituo kikuu kabisa? ARD, mtandao wa umma wa Ujerumani ulioanzishwa mwaka 1950, inaundwa na mashirika tisa ya kimaeneo, na kila shirika huchangia vipindi vya chaneli ya pamoja. Taarifa ya habari ya taifa hutengenezwa Hamburg, si Berlin. Mpangilio huo ulitokana na uamuzi wa makusudi, baada ya utawala wa Wanazi, kwamba redio isirudi tena mikononi mwa serikali kuu. Naupenda sana. Lakini una gharama zake: tawala tisa, mabishano marefu, kazi zinazorudiwa. Tena unasimama juu ya mchango wa lazima wa kila kaya, euro 18.36 kwa mwezi tangu 2021. Mtandao unaoishi kwa matangazo ya biashara hauna fedha za aina hiyo. ITV ya Uingereza, mtandao wa biashara, ilianza mwaka 1955 kama muungano wa kampuni za kimaeneo, ikaishia mwaka 2004 kwa kampuni kubwa mbili, Granada na Carlton, kuungana, na mwaka 2009 vyumba vya habari vya mikoa kadhaa vikaunganishwa. Soko huvuta kuelekea katikati likiachwa livute.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kituo kikuu kiwe na nguvu katika tamthilia, michezo na habari za dunia, lakini leseni na chumba cha habari cha mkoa visiwe mali inayoweza kuzimwa kwa uamuzi mmoja wa makao makuu. Mdhibiti aandike hivyo kwenye masharti ya leseni, pamoja na saa za vipindi vinavyotengenezwa eneo lenyewe, kabla ya kuruhusu muungano wowote.

Jambo hili lina haraka yake. Mpaka Aprili 2022 vituo vyote vitano vya Tokyo vilikuwa vimeanza kuonyesha vipindi vyao vya jioni moja kwa moja kupitia huduma ya intaneti ya TVer. Mtazamaji wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, hahitaji tena kituo cha Sapporo ili aone tamthilia ya Tokyo. Kitakachomrudisha kwenye kituo chake ni habari za kwao, na kituo ambacho miaka yote kilipokea zaidi ya kilichotengeneza kina kazi kubwa ya kuwatafuta na kuwafundisha waandishi wa habari hizo sasa hivi.