Italia walishaanza zamani

Jamani makala yenu ni nzuri ila pale mliposema biashara za kijamii za Ulaya, yaani zile zinazofanya biashara ili kusaidia watu, ni misaada tu iliyobadilishwa jina, hapo sikubaliani kabisa. Pale Trieste, mji wa Italia, hospitali ya wagonjwa wa akili ya San Giovanni, wagonjwa walikuwa wanadeki na kusafisha mawodi bila mshahara eti ni sehemu ya tiba, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Franco Basaglia na wenzake wakashirikiana nao kuanzisha ushirika, usafi ni ule ule lakini sasa kuna mkataba na hela mkononi, yaani mtu anaheshimika!! Halafu 1991 ikaja sheria namba 381, ushirika wa aina B, yaani ule wa kuwapa kazi watu wanaopata shida kuajiriwa, lazima angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wawe watu kama wenye ulemavu au waliotoka kwenye madawa ya kulevya, na ushirika unasamehewa michango ya hifadhi ya jamii kwa mishahara ya hao. Wanatunza bustani, wanazoa taka. Kinachoniuma mimi ni tenda za manispaa zikiangalia bei ya chini tu, ushirika kama huo utashindanaje na kampuni inayobana mishahara? Hapo ndo mngechimba zaidi, tunaomba makala nyingine.